Tusi Lililogeuka Kofia

Mpwa wangu anayeishi Milwaukee alipokuja likizo, nusu ya begi lake ilikuwa imeliwa na kitu kimoja: pande la sponji la manjano, la pembe tatu, nene kama mto wa kochi, lenye mashimo huku na huku, na upande wa chini limechimbwa tundu la kuingia kichwa cha mtu mzima. Mama yangu alilipokea kwa mikono miwili kama ipokewavyo zawadi. Akalibonyeza, likarudi. Akalinusa. Kisha akauliza, kwa heshima zote, kama ni la kusugulia masufuria.

"Bibi, hiyo ni kofia," kijana akasema. "Ni jibini."

"Jibini ya kuvaa?"

Jibini ya kuvaa, ndiyo. Huko Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalotengeneza takriban robo ya jibini yote ya nchi ile, watu wazima wenye kazi zao na mikopo ya nyumba huvaa kipande cha jibini ya sponji kichwani na kwenda kuishangilia Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai. Huitwa vichwa vya jibini, na wao wenyewe hujiita hivyo bila kuona haya. Mtu anaweza kuivaa kwenye theluji, kwenye harusi, hata kwenye picha ya familia ya Krismasi.

Nilicheka kama mama. Lakini kila nilivyozidi kuisoma habari ya ile sponji ndivyo kicheko kilivyozidi kupungua, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo mashabiki wa mpira popote duniani hulikwepa: hii timu tunayoilia na kuicheka, hasa ni ya nani?

Tuanze na tusi, maana kofia ilianzia hapo. Green Bay ina watani wake wa jadi, Chicago Bears, ambao imekutana nao tangu 1921. Sisi tuliokulia katikati ya kelele za Simba na Yanga hatuhitaji kuelezwa zaidi. Chicago ni jiji kubwa, la maghorofa. Wisconsin ni mashamba na ng'ombe wa maziwa. Basi watu wa Chicago na jimbo lao la Illinois walizoea kuwaita jirani zao vichwa vya jibini, kwa maana ya washamba, watu wa kunuka maziwa. Januari 1986 Bears walitwaa ubingwa wa nchi, wakati Packers wakiwa hoi, na mtu mwenye ubingwa mkononi huwa hana adabu. Kwa Kiswahili cha mtaani tusi hilo lingekuwa tamu zaidi, maana neno chizi kwetu ni jibini kwa mpishi wa hoteli, na kwa watu wengine wote ni mwendawazimu.

Mwaka 1987 kijana mmoja wa Milwaukee, Ralph Bruno, alikuwa akilitengeneza upya kochi la mama yake. Akachukua kipande cha sponji ya mto, akakikata kwa umbo la jibini, akakivaa kichwani na kwenda nacho kutazama mechi. Haikuwa hata mechi ya futiboli. Ilikuwa besiboli, Brewers wa Milwaukee dhidi ya White Sox, nao wa Chicago. Watu wakaitaka. Akaanza kutengeneza nyingine, akafungua kampuni, akaiita Foamation. Miaka ya 1990 Packers wakaamka, wakiwa na wachezaji nyota Brett Favre na Reggie White, na Januari 1997 walipotwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa nchi, kwa kuwafunga New England Patriots 35 kwa 21, nchi nzima ilishaiona ile pembetatu ya manjano kwenye televisheni.

Utani wetu una kanuni zake. Mtu akikurushia neno, humnunii. Unatafuta la kwako lenye makali zaidi na kumrudishia, naye anatafuta jingine, na mchezo unaendelea hadi mmoja akose pumzi. Bruno hakurudisha neno. Alilidaka likiwa hewani, akalivaa. Mtu akishalivaa tusi lako kichwani na kutabasamu nalo mbele ya kamera, wewe unabaki na nini mkononi? Wapinzani ilibidi watafute jibu la sponji pia, na wapo sasa wanaovaa kofia yenye umbo la kikwaruzo cha jibini. Ni sawa na mtu kuja na nazi, mwenzake akaja na mbuzi. Huo ndio utani wa kiwango cha juu, na nauheshimu.

Lakini si kila kofia ya shabiki ina kitovu safi kama hiki. Kansas City wana timu inayoitwa Chiefs. Jina lilitokana na lakabu ya meya wa mji, H. Roe Bartle, Mzungu, aliyefanikisha timu kuhamia huko kutoka Dallas mwaka 1963. Kwa miaka mingi mashabiki walikwenda uwanjani Arrowhead wakiwa na mataji ya manyoya na nyuso zilizopakwa rangi, wakiwaiga wenyeji asilia wa bara lile, ambao walikuwa wakilalamika muda wote huo na hakuna aliyewasikiliza. Agosti 2020 klabu ikapiga marufuku mataji hayo na rangi hizo za usoni uwanjani. Mwezi mmoja kabla yake, timu ya Washington ilikuwa imelitupa jina lake la zamani, ambalo lilikuwa tusi tupu juu ya rangi ya ngozi ya watu hao hao. Kansas City bado wanalo jina lao, na ile ishara yao ya kukata hewa kwa mkono kama shoka ingali inapigwa.

Kuna wanaosema kofia ni kofia tu, watu wanafurahi, kelele za nini. Sikubaliani nao. Ukivaa jibini unajicheka mwenyewe. Ukivaa taji la wazee wa kabila lililofukuzwa kwenye ardhi ile ile ulipojengwa uwanja, unayemcheka hayupo kwenye kiti cha jirani ili akurudishie neno. Utani wa upande mmoja hauitwi utani.

Hao Chiefs, tangu 1989, wana pia mtu anayevaa vazi la mbwa mwitu mnene, KC Wolf. Huyo ndiye maskoti. Karibu kila timu ya ligi ile, yaani NFL, inaye wake: mtu aliyeingia ndani ya vazi la manyoya lenye kichwa kikubwa, anayecheza dansi pembeni mwa uwanja, kurusha fulana kwa watazamaji na kupiga picha na watoto. Ni kazi ngumu, ya jasho, siwadharau wanaoifanya. Ila maskoti ni mwajiriwa. Ana mshahara, ana ratiba, ana bosi. Timu ikihama mji, naye anahama na jukwaa lake.

Green Bay haina maskoti rasmi, na ni miongoni mwa timu chache sana zisizo naye. Nadhani haikuwahi kumhitaji. Kazi ya maskoti ni kuziba pengo kati ya wachezaji, ambao ni matajiri waliofunikwa helmeti, na watu waliokaa kwenye viti. Pale pengo hilo huzibwa kwa njia nyingine. Kiangazi, mazoezi ya kabla ya msimu yanapoanza, watoto wa mji hujipanga na baiskeli zao nje ya uwanja. Mchezaji anachagua moja. Utaona jitu la kilo mia na arobaini limekalia baiskeli ya mtoto wa darasa la tatu, magoti yakigonga usukani, linaendesha taratibu kwenda uwanja wa mazoezi, na mwenye baiskeli anakimbia kando amebeba helmeti kubwa kuliko kifua chake. Desturi hii inatokea enzi za kocha Vince Lombardi, yule ambaye kombe la Super Bowl limepewa jina lake. Tarehe 26 Desemba 1993 ikazaliwa nyingine: beki LeRoy Butler alifunga dhidi ya Raiders, na badala ya kucheza dansi akarukia jukwaani, mikononi mwa watu. Wachezaji wa Packers wanaruka hivyo hadi leo. Wanapotua huko wanakutana na sponji.

Mji wenyewe una watu 107,000 hivi. Uwanja, Lambeau Field, unachukua 81,441. Orodha ya wanaosubiri tiketi za msimu mzima ina majina zaidi ya 140,000, yaani foleni ni ndefu kuliko mji, na mtu huandikisha mtoto akiwa bado ananyonya kwa matumaini kwamba ataitwa akiwa na mvi. Theluji ikianguka usiku wa kuamkia mechi, klabu hutangaza vibarua, na mamia ya watu huja alfajiri na makoti yao kuizoa kwenye viti kwa malipo ya saa.

Na baridi yenyewe si ya kusimuliwa ukiwa umevaa kanga. Tarehe 31 Desemba 1967 Packers waliwakaribisha Dallas Cowboys kuamua bingwa wa ligi, joto likiwa nyuzi 25 hivi chini ya sifuri kwa kipimo cha selsiasi. Lombardi alikuwa ametandika mitambo ya umeme chini ya nyasi ili udongo usigande, mitambo ikashindwa. Filimbi ya chuma ya mwamuzi ilimganda mdomoni, alipoichomoa ikaondoka na ngozi, na mechi ikaendelea kwa kupiga kelele kwa mdomo mtupu. Watu zaidi ya 50,000 walikaa hadi mwisho, mchezaji wao Bart Starr alipojipenyeza mwenyewe na mpira kwenye barafu zikiwa zimebaki sekunde chache, na Packers wakashinda 21 kwa 17.

Mji mdogo kiasi hicho unabakije na timu ya daraja la juu, wakati majiji yenye mamilioni yamezipoteza za kwao? Wenyeji watakwambia ni mapenzi. Mapenzi yapo, lakini miji mingine nayo ilipenda.

Jibu linaanza mwaka 1919, Curly Lambeau, mwanzilishi wa timu, alipokuwa karani kwenye kiwanda cha kufungasha nyama, Indian Packing Company. Aliwaomba waajiri wake pesa za jezi, wakampa dola 500, na timu ikaitwa Packers, wafungashaji. Kiwanda hicho kilinunuliwa na wengine muda si mrefu. Kwa hiyo jina linalotajwa na mamilioni ya watu leo ni tangazo la mdhamini aliyekwishakufa, na halilipiwi senti.

Timu ilipoanza kuyumba kwa madeni, Agosti 1923 ikasajiliwa kama shirika lisilo la faida, na hisa 1,000 zikauzwa kwa dola 5 kila moja. Katika mkataba wa mwanzo waliingiza kipengele kimoja cha akili sana: timu ikivunjwa, fedha zote zitakwenda kwa chama cha askari wastaafu wa hapo mjini kujenga mnara wa kumbukumbu. Kwa lugha nyingine, hakuna mwenye hisa hata mmoja ambaye angefaidika kwa kuiua au kuiuza. Kipengele hicho kilibadilishwa mwaka 1997, fedha sasa zingekwenda kwenye mfuko wa hisani wa timu, lakini kufuli ni lile lile.

Baada ya hapo wakawa wanapitisha kofia kila shida ilipowafika. Mwaka 1931 shabiki alianguka kutoka jukwaani, akashtaki, akashinda, na kampuni ya bima ikafilisika. Timu ikakaribia kufa kwa ajili ya deni la mtu aliyekuja kuishangilia. Mwaka 1935 wakauza hisa, ikapona. Mwaka 1950 wakauza tena, dola 25 kila moja, na inasimuliwa kwamba mama mmoja kutoka shambani alikuja na bei kamili ikiwa sarafu tupu za robo dola, amezipanga ndani ya kisanduku cha viberiti. Hizo ni sarafu 100. Nimejaribu kuupiga picha uzito wake, na meza ya karani aliyezihesabu.

Baadaye mauzo yakawa makubwa: 1997 kwa dola 200, 2011 kwa dola 250, 2021 kwa dola 300. Leo wenye hisa ni zaidi ya watu 530,000. Mpwa wangu ni mmoja wao. Alinunua mwaka 2021, cheti chake kipo kwenye fremu juu ya televisheni.

Nikamuuliza kama mjomba: unapata gawio? Hapana. Ikipanda thamani utaiuza? Haipandi, na hairuhusiwi kuuzwa. Anaweza tu kumpa au kumrithisha ndugu wa karibu. Tiketi je, unaruka foleni? Hata kidogo. Sasa unapata nini? Akafikiri. "Kura," akasema, "na mkutano wa wanahisa mwezi wa saba." Kura yake ni moja kati ya zaidi ya milioni tano, na majina ya wakurugenzi huja yakiwa yameshapangwa. Waraka wa mauzo wenyewe unamwonya mnunuzi asinunue kwa kutafuta faida. Nikamwambia amenunua karatasi ya dola 300. Akaniambia nimeelewa vizuri.

Basi hisa ya Green Bay nayo ni kofia. Unaivaa, inakutambulisha, haikulishi. Wachambuzi wengi wa Marekani huishia hapo kwa dharau, wakiita umiliki huo mchezo wa kuigiza. Mimi naona wameangalia kile hisa inachompa mtu wakasahau kile inachomzuia mtu mwingine kufanya. Hakuna tajiri anayeweza kuamka asubuhi akaihamisha Packers. Hakuna wa kumpigia simu. Huwezi kuinunua kwa sababu hakuna muuzaji, ingawa ni mali ya mabilioni ya dola.

Nenda Baltimore uone kinyume chake. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984 malori yalikuja kwenye ofisi za Colts, yakapakia kila kitu, na kulipokucha timu ilikuwa njiani kwenda Indianapolis. Mwenye nayo alikuwa ameamua. Kilichobaki mjini ni bendi ya tarumbeta ya mashabiki, kwa sababu sare zao usiku ule zilikuwa kwa dobi. Bendi ile iliendelea kupiga miaka 12 bila timu. Walikwenda kupiga kwenye mechi za miji mingine, wakiwa wageni, wakivaa rangi za timu isiyokuwepo.

Cleveland walikuwa na mapenzi ya kelele zaidi. Kuanzia mwaka 1985 hivi, beki wao Hanford Dixon alipoanza kuwabwekea wenzake mazoezini kuwatia moyo, jukwaa la mashariki la uwanja wa Browns liligeuka banda la mbwa: watu wenye vinyago vya mbwa, wanabweka, wanawarushia wapinzani biskuti za mbwa. Kama mavazi yangeweza kuifunga timu kamba, Browns isingetoka pale hata kwa winchi. Tarehe 6 Novemba 1995 mmiliki, Art Modell, alisimama Baltimore akatangaza kwamba anaihamishia huko. Kesho yake wapigakura wa Cleveland, kwa wingi mkubwa, wakapitisha kodi ya kuukarabati uwanja wa timu ambayo ilishaaga. Kwenye mechi ya mwisho ya nyumbani, Desemba ile, mashabiki waling'oa viti wakavitupa uwanjani. Ni kitu pekee walichoweza kukigusa.

Na Baltimore, waliolia mwaka 1984, wakaipokea timu ya wenzao bila kusita, wakaiita Ravens, na bendi yao ikapata pa kupigia. Sitawahukumu. Mwenye njaa haulizi chakula kimetoka jikoni kwa nani. Cleveland walipewa jina na rangi zao zibaki, na timu mpya ikaanza mwaka 1999, lakini wamejua tangu wakati ule kwamba mle uwanjani wao ni wapangaji.

Nisiwapake Green Bay mafuta mengi. Hisa peke yake isingewaokoa. Kuanzia 1961, kamishna Pete Rozelle alipofanikiwa kuifanya ligi iuze haki za televisheni kwa pamoja na Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu hilo, pesa hizo hugawanywa sawa kwa timu zote. New York wanapata kile kile wanachopata Green Bay. Ukiondoa mgao huo, vyeti vyote vya kwenye fremu visingelipa mishahara ya mwezi mmoja. Ni jambo la kuchekesha kidogo: ligi ya mabepari wakubwa inaishi kwa mgawanyo ambao ungeupendekeza kwenye soka letu ungeitwa mjamaa. Na ligi hiyo hiyo hairuhusu timu nyingine yoyote imilikiwe kama Green Bay. Hao waliachwa tu kwa kuwa walitangulia kabla ya kanuni.

Tena, timu ya watu si kwamba haiwakamui watu. Mwaka 2000 wakazi wa kaunti walipigia kura kodi ya nusu asilimia ya mauzo ili Lambeau Field ijengwe upya, na kura ilipita kwa shida. Walilipa hadi 2015, pamoja na mjane asiyejua hata mpira una umbo gani, kila aliponunua sabuni.

Hapo ndipo ninapoirudia ile sponji, kwa sababu mwaka 2023 klabu iliinunua Foamation. Kofia iliyozaliwa kwenye kochi la mama wa mtu, ikauzwa na watu wa nje ya klabu kwa zaidi ya miaka thelathini, sasa ni mali ya klabu. Wengi walipiga makofi. Wamiliki wa kampuni walitaka kupumzika, utengenezaji umebaki Wisconsin, kila mtu kafurahi. Mimi sikupiga makofi, wala sikuzomea. Kama ingekuwa timu ya tajiri mmoja ningesema wazi kwamba amewanunua mashabiki wake vichwa. Kwa Green Bay hesabu inakuwa ngumu: klabu ni ya watu 530,000, kwa hiyo watu wamenunua kofia yao wenyewe. Hivyo ndivyo inavyosomeka kwenye karatasi. Kwa vitendo, uamuzi huo ni wa kamati ndogo ya watendaji, na tusi la Chicago sasa lina idara ya masoko.

Pittsburgh walifanya vingine. Mwaka 1975 mtangazaji wa redio Myron Cope aliwahimiza mashabiki wa Steelers waje na taulo za manjano za kupepea. Taulo ile ikawa maarufu kama jibini, au zaidi. Mwaka 1996 Cope aliitoa haki ya jina la taulo hiyo kwa shule na makazi ya watu wenye ulemavu wa akili, ambako mwanawe mwenyewe alikuwa akitunzwa. Tangu hapo kila taulo halisi inayouzwa, sehemu ya pesa inakwenda kule, na sasa ni mamilioni ya dola. Steelers ni mali ya familia, haina hisa za wananchi, lakini alama ya mashabiki wake haimtajirishi mwenye timu. Nikipewa nichague kati ya njia hizo mbili za kutunza alama, nachagua taulo. Nikipewa nichague njia ya kutunza timu, nachagua Green Bay bila kufikiri mara mbili.

Kwetu Tanzania mjadala huu uko mezani, tukitaka tusitake. Simba na Yanga zilikuwa za wanachama tangu miaka ya 1930, na mfumo mpya uliokubaliwa na serikali unawaachia wanachama asilimia 51 na wawekezaji 49. Tumebishana miaka mingi kuhusu tajiri gani analeta nini. Sijasikia sana mtu akiuliza kile walichouliza wale wa mwaka 1923: siku ikivunjwa au kuuzwa, pesa inakwenda kwa nani? Wao waliandika kwanza jibu la swali hilo, ndipo wakauza hisa.

Mpwa wangu aliondoka baada ya wiki tatu. Kofia akamwachia bibi yake, pamoja na maelezo marefu kuhusu Chicago ambayo mama aliyasikiliza hadi mwisho. Nilipopita nyumbani mwezi uliofuata sikuiona mezani wala kabatini. Mama alikuwa kibarazani, amekaa kwenye kiti chake cha mbao anachokilalamikia mgongo kila siku, anachambua mchele. Alipoinuka kunifungulia mlango nikaiona: ameigeuza mashimo juu, ameivisha foronya, na imebonyea vizuri katikati.